Kwa nini shairi la mavuno lisomwe kama shairi la kupita kwa wakati?

Swali: Nimesoma na wanafunzi wangu shairi la John Keats kuhusu majira ya mapukutiko. Vitabu vya mwongozo vinasema ni shairi la kifo na la kutodumu kwa uhai, lakini sisi tumeona matufaha, nyuki, mavuno na ndege tu. Je, washairi wa Kiromantiki waliyaimba maumbile ili kuukimbia ulimwengu, au kuna jambo ambalo hatujaliona? Na wanatofautiana vipi na washairi wetu wa kale waliotuusia kwamba dunia ni ya kupita? (Mwalimu wa fasihi, shule ya sekondari)

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameona sawasawa. Katika “To Autumn” hakuna anayekufa, hakuna kaburi, wala nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, haijitaji kwa “mimi” hata mara moja katika mishororo yote 33. Mwongozo unaokimbilia kutangaza kwamba shairi hili ni la kifo humnyima mwanafunzi kazi yenyewe ya kusoma, kwa kuwa humpa jibu kabla hajaona limetoka wapi. Hata hivyo jibu hilo si la uongo. Ninavyoelewa mimi, ushairi wa Kiromantiki (wa kina Keats, Wordsworth, Shelley na Byron, washairi wa Uingereza wa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19) unaohusu maumbile umesimama juu ya tofauti moja, nayo ni kwamba maumbile hupita kisha yakarudi, ilhali mtu hupita asirudi. Jambo hilo kila mtu analijua. Walichofanya washairi hawa ni kukaa nalo muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi, na kukataa kulifunga upesi kwa wasia.

Tuanze na mwaka wenyewe, maana hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapoachwa nyuma bila kosa lake. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na majira tunayatambua kwa mvua na pepo: masika na vuli, kaskazi na kusi. Kusini mwa Uingereza mchana wa mwishoni mwa Juni hufikia urefu wa takribani saa 16 na nusu, na ule wa mwishoni mwa Desemba hushuka hadi saa 8 hivi. Inapofika Septemba, kila siku hupunguza dakika kadhaa za mwanga, na mtu huziona zikienda: wiki iliyopita alifika nyumbani jua likingalipo, wiki hii anakuta taa zimewashwa. Kisha majani huanza kugeuka rangi na kudondoka, na baada ya mavuno hakuna kitakachoota mpaka miezi ya baridi ipite. Mshairi wa huko anapotaja matufaha yaliyoiva, msomaji wake anajua mwilini mwake kinachofuata bila kuambiwa. Wanafunzi wetu hawana kumbukumbu hiyo ya mwili, kwa hiyo ni haki yao waelezwe kabla ya kuulizwa maudhui.

Keats alilitunga shairi hili Jumapili ya tarehe 19 Septemba 1819 mjini Winchester, siku chache kabla ya mchana na usiku kulingana, baada ya matembezi ya kando ya mto Itchen. Siku mbili baadaye alimwandikia rafiki yake Reynolds kwamba hajapata kuyapenda mashamba yaliyovunwa kama alivyoyapenda sasa, kwamba yanampendeza kuliko kijani chenye ubaridi cha majira ya kuchipua, na kwamba uwanda wa mabua una namna ya kuonekana una joto. Naomba uwasomee wanafunzi habari hiyo, kwa sababu kitu kilichomgusa kijana huyu wa miaka 23 hadi akatunga kilikuwa shamba lililokwisha kuvunwa. Utajiri wote wa matunda uliomo katika shairi umeandikwa na mtu aliyekuwa akitazama mabua.

Mtu huyo hakuwa mgeni wa msiba. Baba yake alikufa mwaka 1804 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1810, na mdogo wake Tom, ambaye Keats alimuuguza mwenyewe, alikufa kwa maradhi hayohayo tarehe 1 Desemba 1818. Alikuwa amesomea utabibu katika hospitali ya Guy's jijini London na kupata leseni mwaka 1816, hivyo maradhi hayo aliyajua kwa dalili zake na kwa mwisho wake. Hapa, hata hivyo, tahadhari inahitajika. Damu aliyoikohoa akaitambua kuwa ni hukumu yake ya kifo aliikohoa Februari 1820, miezi mitano baada ya shairi, na alifariki Roma tarehe 23 Februari 1821. Anayelisoma shairi kama kwaheri ya mgonjwa anayejua anakufa analisoma kinyumenyume, kutoka kaburini kwenda shambani, na hivyo anayakosa yaliyomo.

Yaliyomo ni haya. Ubeti wa kwanza wote ni wa kujaza. Majira na jua, marafiki wawili, wanakula njama ya kuilemeza mizabibu iliyozunguka paa la nyasi, kuiinamisha kwa matufaha miti ya uani, kuvimbisha mamung'unye, kunenepesha kokwa ndani ya maganda yake, na kuchanulisha maua zaidi, na zaidi tena, kwa ajili ya nyuki. Vitenzi vinafuatana vikionyesha nia, wala sentensi haipati kitenzi kikuu hata ubeti unapokwisha: kila kitu kinazidi kujaa bila kufika mahali pa kutua. Mwishoni tunaambiwa kwamba nyuki wanadhani siku za joto hazitakoma kamwe, kwa kuwa masega yao yamefurika. Waulize wanafunzi: kwa nini mshairi atutajie wanachodhani nyuki? Hasemi kwamba wamekosea. Lakini kwa kututajia dhana yao ametuweka sisi upande wa wanaojua, na tangu hapo hatuwezi tena kuyatazama matunda hayo kwa macho ya nyuki.

Ubeti wa pili unayageuza majira kuwa mtu, kwa tashihisi iliyo tulivu kuliko zote ninazozijua katika ushairi wa Kiingereza. Mtu huyo ameketi sakafuni mwa ghala bila wasiwasi, nywele zake zikiinuliwa na upepo wa kupepetea nafaka. Au amelala katika mfuo uliovunwa nusu, amelewa harufu ya maua ya mpopi, na mundu wake umelisaza fungu lifuatalo la ngano pamoja na maua yaliyojisokota humo. Au anavuka kijito akiwa na mzigo kichwani, kama mwokota masazo. Au yuko kando ya kinu cha kukamulia matufaha, akiyatazama matone ya mwisho yakichuruzika saa baada ya saa. Kila mkao ni wa kazi iliyosimama au inayokaribia kwisha. Katika michoro ya Ulaya mauti huchorwa kama mvunaji aliyeshika fyekeo. Mvunaji wa Keats amesinzia, na kwa kusinzia kwake maua yamepata saa moja zaidi. Ona pia kwamba matone yale yanaitwa ya mwisho. Neno hilo limepita kimya katikati ya habari za kinywaji, na anayesoma upesi halioni.

Fani inafanya kazi hiyohiyo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu walimu wengi huitaja fani mwishoni kama deni la mtihani. Odi, yaani mashairi ya kukihutubia na kukitukuza kitu, alizotunga Keats miezi michache kabla, kama ile ya ndege aimbaye usiku na ile ya gudulia la kale la Kigiriki, zina beti za mishororo 10. Katika shairi hili ameongeza mshororo mmoja, na kabla tu ya ule wa mwisho ameweka mishororo miwili mfululizo yenye kina kimoja. Sikio linaposikia vina viwili vimefuatana hudhani ubeti umefunga, kumbe bado kuna mshororo unaokuja. Ubeti unachelewa kwisha. Mwanafunzi akisoma kwa sauti atausikia ucheleweshaji huo kabla hajaweza kuueleza, na hapo ndipo atakapoelewa kwamba shairi lenyewe linafanya yale ambayo mtu yeyote angetamani kuyafanya kwa siku nzuri ya Septemba.

Ubeti wa tatu unaanza kwa kuuliza waziwazi: nyimbo za majira ya kuchipua ziko wapi? Jibu lake ni fupi na, kwa maoni yangu, ndilo kitovu cha shairi: usizifikirie hizo, wewe nawe una muziki wako. Kisha tunausikia muziki wenyewe. Usubi unaomboleza kwa pamoja katika miti ya kando ya mto, ukipanda na kushuka kadiri upepo mwepesi unavyoishi au kufa. Wanakondoo waliozaliwa mwanzo wa mwaka wamekwisha kuwa wakubwa na wanalia kutoka vilimani. Nyenje wanaimba katika ua wa miti, ndege mdogo mwenye kifua chekundu anapiga mluzi bustanini, na mbayuwayu wanakusanyika angani. Kifo kimo, lakini kimegawiwa vitu ambavyo kesho vitakuwapo tena: ni mchana unaokufa taratibu huku ukiyatia mabua rangi ya waridi, na ni upepo unaokufa. Hakuna mtu aliyeguswa. Msomaji ndiye anayemaliza hesabu mwenyewe, kwa kujua kwamba yeye si mchana wala si upepo.

Mbayuwayu hao wanastahili neno la ziada. Shairi linakoma wakiwa bado wanakusanyika, hawajaondoka. Kwa mtu wa Winchester, kukusanyika kwao ni dalili ya uhakika kwamba baridi inakuja na kwamba anga litabaki tupu. Lakini mbayuwayu wa Ulaya wanaokimbia baridi ndio tunaowaona huku kwetu wakijipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba na Oktoba hadi Machi au Aprili, ingawa wale wa Uingereza wenyewe wengi huishia kusini mwa Afrika. Mwanafunzi wa Dodoma au Nakuru anaweza kuambiwa kwamba mstari wa mwisho wa shairi hili unahusu safari ambayo mwisho wake anauona yeye. Kinachoonekana huko kama kutoweka, huku ni kufika, na mzunguko huo wa kwenda na kurudi ndio ambao mtu mmoja mmoja hana.

Miezi minne kabla, Keats mwenyewe alikuwa amelisema jambo hili kwa uchungu zaidi. “Ode to a Nightingale” aliitunga Mei 1819 huko Hampstead, miezi mitano tu baada ya kumzika Tom, na ndani yake kuna kijana anayepauka, anakonda kama kivuli, kisha anafariki. Anamwambia ndege kwamba yeye hakuzaliwa kwa ajili ya kufa. Wapo wanaolikosoa shairi kwa hoja kwamba ndege naye hufa, tena mapema kuliko mtu, na hoja hiyo ni ya kweli kabisa, ila haimgusi Keats. Kisichokufa ni wimbo: sauti anayoisikia usiku ule, anasema, ndiyo waliyoisikia wafalme na watu duni zamani za kale, na pengine ndiyo iliyoupenya moyo wa Ruthu wa Biblia aliposimama akilia katika shamba la ugenini. Ndege mmoja akifa, mwingine huimba vilevile, na hakuna anayetambua tofauti. Tom alipokufa hakuja Tom mwingine. Katika odi hiyo nafsineni inajaribu kumfuata ndege, inashindwa, na inaachwa haijui kama imeota au iko macho. Katika shairi la Septemba haijaribu tena kutoka. Imebaki shambani na kusikiliza.

Hapo ndipo ninapolijibu swali lako la kuukimbia ulimwengu. Yapo mashairi ya wakati huo yanayotamani kutoroka, na odi ya ndege inayasema matamanio hayo waziwazi, lakini mashairi bora huyafuata matamanio hayo mpaka yanaposhindwa, na kushindwa huko ndiko kunakoyafanya yawe makubwa. Tena ulimwengu wenyewe haukuwaacha. Tarehe 16 Agosti 1819, mjini Manchester, askari wa farasi waliuvamia umati uliokusanyika kwa amani kudai haki ya uwakilishi bungeni, wakaua watu zaidi ya kumi na kujeruhi mamia. Shelley aliipata habari hiyo akiwa Italia. Oktoba mwaka huohuo, katika msitu wa kando ya mto Arno karibu na Florence, alianza “Ode to the West Wind”, shairi linalouita upepo wa mapukutiko mharibifu na mhifadhi kwa pamoja. Majani yanayofukuzwa na upepo huo ni ya njano, meusi, yaliyopauka, na mekundu kwa wekundu wa homa ya kifua kikuu. Mbegu zinalazwa ardhini kama maiti kaburini, kila moja mahali pake, mpaka upepo wa majira ya kuchipua uje kupiga baragumu. Shelley alikuwa amempoteza binti yake Clara Septemba 1818 na mwanawe William Juni 1819. Anaposhikilia kwamba mbegu itaamka, anazungumzia mapinduzi ya watu wanaodhulumiwa, na nyuma ya maneno hayo wapo watoto wawili ambao hawataamka. Ndiyo maana shairi linakwisha kwa swali, kwamba baridi ikija, je, majira ya kuchipua yatakuwa mbali? Wengi hulinukuu kama tangazo la matumaini. Mimi nalisoma kama swali la kweli.

Nisiache pia kukutahadharisha kwamba si wote walioamini kuwa maumbile hurudi daima. Volkano ya Tambora, katika nchi tunayoiita leo Indonesia, ililipuka Aprili 1815, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa majira ya joto. Byron, akiwa kando ya ziwa la Geneva, aliandika “Darkness”, shairi ambalo ndani yake jua linazimika na majira yote yanakoma. Ni shairi gumu kwa wanafunzi wa sekondari, lakini ni vizuri wewe ulifahamu.

Sasa washairi wetu. Ukiyaweka mashairi haya kando ya Al-Inkishafi, utenzi wa mawaidha wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa karibu na mwanzo wa karne hiyohiyo ya 19, utashangaa jinsi yanavyokaribiana kwa taswira. Majumba ya Pate yaliyong'aa kwa taa usiku kucha yamekuwa magofu, madaka yaliyopangwa vyombo vya kauri yamelaliwa na makinda ya ndege, na bundi anakoroma ndani. Shairi la Shelley lililo karibu zaidi na hayo ni “Ozymandias” la mwaka 1818, ambamo sanamu ya mfalme aliyejisifu imevunjika jangwani na kuzungukwa na mchanga mtupu. Lakini angalia kila mshairi anakwenda wapi baada ya taswira hiyo. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonya, na kuupeleka mbele ya Kiyama na adhabu zake. Magofu ni ushahidi katika hoja inayojua pa kuishia, na mnyama aliyekalia ukumbi amekuja kuthibitisha kwamba ulimwengu ni hadaa. Shelley anaacha mchanga uendelee mpaka upeo wa macho, wala haongezi neno. Hata Wordsworth, ambaye katika odi yake ya kumbukumbu za utotoni anasema kwamba roho hutoka kwa Mungu, ambaye ndiye kwao, huanza na mti mmoja na shamba moja alivyoviona kwa macho yake, na hushuka tena kwenye ua dogo kabisa. Sisemi kwamba njia moja ni ya juu kuliko nyingine. Nasema mwanafunzi aliyelelewa na utenzi wa mawaidha atalitafuta fundisho katika “To Autumn”, na akilikosa atadhani shairi halina maudhui. Hapo ndipo msaada wako unapohitajika zaidi kuliko popote.

Kama una kipindi kimoja tu cha kuwaandaa kabla ya kurudi kwa Keats, ningekishauri kitumike kwa shairi la Wordsworth linaloanza “A slumber did my spirit seal”, alilolitunga katika majira ya baridi ya 1798 na 1799 alipokuwa Goslar, Ujerumani, pamoja na dada yake Dorothy. Lina beti mbili tu za mishororo minne minne. Katika ubeti wa kwanza, ulio katika wakati uliopita, nafsineni inasema kwamba ilikuwa kama imelala, haikuwa na hofu za kibinadamu, kwa kuwa msichana aliyempenda alionekana kama kitu kisichoweza kuguswa na miaka ya duniani. Katika ubeti wa pili, ulio katika wakati uliopo, msichana hana mwendo, hana nguvu, hasikii wala haoni. Anazungushwa katika mzunguko wa kila siku wa dunia, pamoja na miamba, na mawe, na miti. Waambie wanafunzi watafute mshororo ambamo amekufa. Watakapokuwa wamehangaika vya kutosha, mmoja wao ataiona nafasi nyeupe iliyo kati ya beti hizo mbili. Kisha uwaulize swali la pili, ambalo wahakiki hawajakubaliana juu yake na ambalo si lazima darasa likubaliane pia: je, kuzungushwa pamoja na miti ni faraja, kwa kuwa sasa ameingia katika mzunguko usiokwisha, au ni jambo la kutisha, kwa kuwa miti huchipua tena na yeye amewekwa katika orodha moja na mawe?